Tusipime akili kwa mikunjo ya ubongo

Katika mikutano ya wazazi huku kwetu Matasia, siku hizi ni nadra kukosa mgeni aliyealikwa kuwatia watahiniwa shime. Wengi wa wageni hao husema mambo mema. Lakini ipo kauli moja inayorudiwa mno, nami nimeisikia zaidi ya mara moja kati ya Ngong na Kiserian: kwamba kila mtoto anapojifunza jambo jipya ubongo wake huongeza mkunjo mmoja, na kwamba ubongo wa mzembe hubaki laini. Watoto hupiga makofi, wazazi hutikisa vichwa kukubali. Kisha ukitoka hapo ukafika stejini, utawasikia vijana wakitaniana kwa kauli iyo hiyo iliyogeuzwa kuwa tusi: “Wewe bongo lako halina hata mkunjo mmoja!”

Kauli hizi mbili, ya kutia moyo na ya kutusi, ni pacha. Zote zinadai kwamba akili huonekana juu ya uso wa ubongo, na kwamba mtu angeweza kufungua fuvu, akahesabu mikunjo, akajua nani mwerevu na nani zuzu. Leo nataka kuonyesha kwamba dai hilo ni kosa la kisayansi, tena ni kosa la kilugha. Na hapa Kenya dai la jinsi hiyo lina historia ambayo hatuna ruhusa ya kuisahau.

Mimi ni mtu wa lugha, si tabibu, kwa hivyo nitagusia tu yale ya kisayansi ambayo hayana utata. Tabaka la nje la ubongo wa mwanadamu ni jembamba, unene wake ukiwa milimita 2 hadi 4 hivi. Lau ungeweza kulitandaza lote, lingepata takriban sentimita 2,000 za mraba, yaani kitambaa cha mraba chenye upande wa sentimita 45. Kitambaa kama hicho hakiingii ndani ya fuvu ila kimekunjwa, kama leso uliyoisokomeza ndani ya kata. Karibu theluthi mbili za tabaka hilo zimefichika ndani ya mikunjo.

Mikunjo hiyo huja lini? Ubongo wa kijusi huwa laini kwa kiasi kikubwa hadi mwezi wa 5 hivi wa ujauzito. Mikunjo mingi hutokea katika miezi mitatu ya mwisho, na mtoto anapozaliwa mitaro yote mikuu ipo tayari. Mnamo 2016 watafiti, wakiwemo Tuomas Tallinen na L. Mahadevan wa Harvard, walitengeneza mfano wa ubongo wa kijusi kwa jeli, wakaupaka tabaka la nje linalofyonza kiowevu na kuvimba, kisha wakautumbukiza katika kiowevu hicho. Tabaka la nje lilipovimba kuliko la ndani, jeli ilijikunja yenyewe, ikatoa sura inayokaribiana sana na ya ubongo halisi. Jeli haikuwa imesoma kitabu chochote. Mkunjo, basi, ni tokeo la tabaka la nje kukua upesi kuliko lile lililo chini yake. Mtoto anapoingia darasa la kwanza, kazi hiyo ilikwisha zamani. Kinachobadilika anapojifunza kusoma ni miunganiko ya seli za ubongo, ambayo haionekani kwa macho wala haiongezi tuta lolote.

Mtu atauliza: je, wanyama wenye ubongo laini si ndio wajinga? Kweli, ubongo wa panya ni laini na wetu umekunjana. Lakini nenda kwenye kibanda chochote cha supu hapa Matasia wakati kichwa cha mbuzi kinapopasuliwa. Ubongo utakaouona umejikunja vizuri kabisa, na sijamsikia mtu akimsifu mbuzi kwa hilo. Sharti la mkunjo ni ukubwa wa uso ukilinganishwa na wembamba wa tabaka lenyewe, kama walivyoonyesha Bruno Mota na Suzana Herculano-Houzel mwaka 2015. Ndiyo maana wanyama wakubwa huwa na bongo zilizokunjana zaidi.

Tena katika kaunti yetu ya Kajiado tunaye shahidi mkubwa kuliko wote, ndovu wa Amboseli. Ubongo wa ndovu wa Afrika ni karibu mara tatu ya wetu kwa uzito, na mikunjo yake ni mingi kuliko yetu. Hata hivyo, Herculano-Houzel na wenzake walipozihesabu seli za neva mwaka 2014, walikuta tabaka la nje la ndovu lina bilioni 5.6 tu, ilhali letu lina bilioni 16 hivi. Seli nyingi za ndovu ziko katika ubongo wa nyuma. Mikunjo mingi, seli chache.

Lakini usikimbilie kumwita ndovu mjinga. Mwaka 2014 Karen McComb na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya Amboseli, ambapo walicheza sauti zilizorekodiwa za watu. Ndovu waliposikia sauti ya mwanamume Mmaasai waliingiwa na hofu na kujikusanya pamoja kuliko waliposikia sauti ya mwanamume Mkamba, ingawa wote wawili walisema maneno ya maana moja, kila mmoja kwa lugha yake. Waliweza pia kutofautisha sauti za wanaume na zile za wanawake na watoto. Sisi wanaisimu tuna mengi ya kujifunza kwa mnyama anayetambua lugha ya mtu ambaye huenda akambebea mkuki. Ila werevu huo tuliujua kwa kutazama anachofanya ndovu. Hakuna aliyeusoma kwenye mikunjo ya ubongo wake.

Kama hoja hiyo haitoshi, kuna kisa cha Göttingen, Ujerumani. Mwaka 1855 alifariki Carl Friedrich Gauss, mmoja wa wanahisabati wakubwa katika historia. Ubongo wake ulihifadhiwa chupani, na mwanaanatomia Rudolf Wagner akauchora na kuuchunguza akitafuta alama za kipaji. Mwaka huo huo alifariki pia tabibu wa mji huo, Conrad Heinrich Fuchs, na ubongo wake nao ukahifadhiwa. Miaka mingi baadaye, wasomi walikuwa wakiutazama “ubongo wa Gauss” na hata kuupiga picha kwa mashine za kisasa. Ndipo mwaka 2013 mtafiti Renate Schweizer alipoilinganisha picha hiyo na michoro ya kale ya Wagner, akagundua kwamba chupa zilikuwa zimebadilishana. Kumbe waliokuwa wakimtazama Gauss walikuwa wakimtazama Fuchs!

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mikunjo hutofautiana kati ya mtu na mtu kama alama za vidole, na ndiyo maana kosa lile liliweza kugunduliwa. La pili, lau mikunjo ingekuwa inatangaza kipaji, kosa lile lisingeweza kudumu hata siku moja. Mkunjo unaweza kukuambia ubongo huu ni wa nani. Haukuambii alijua nini.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1934, jarida la Journal of Anatomy la Uingereza lilichapisha makala ya F. W. Vint, daktari wa maabara ya utafiti wa tiba jijini Nairobi, yenye anwani “The Brain of the Kenya Native”. Vint alikuwa amekusanya bongo nyingi za wanaume Waafrika waliofia hapa. Alizipima uzito akapata wastani wa gramu 1,276, akaulinganisha na gramu 1,428 za Mzungu. Akapima pia unene wa tabaka lile la nje, lile lile linalojikunja, akasema la Mwafrika ni jembamba. Kabla ya hapo, mwaka 1933, kilikuwa kimeundwa Nairobi chama cha walowezi kilichojiita cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, na mstari wa mbele wake alikuwa Dkt. H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya Mathari. Gordon aliyachukua matokeo ya Vint kama ushahidi, akahoji hadharani iwapo kumpa Mwafrika elimu ya Kizungu si kumtia wazimu. Mwanahistoria Chloe Campbell ameieleza kadhia hii kwa kina katika kitabu chake cha 2007.

Niisome anwani ile kama mhakiki anavyosoma matini yoyote. Umoja wake ndio unaofanya kazi chafu. Bongo zilikuwa nyingi, anwani ina ubongo mmoja. Waliokufa walitoka katika jamii mbalimbali, wenye maumbo, lishe na maradhi tofauti. Anwani ina mtu mmoja, “native”, asiye na kabila, umri wala ugonjwa. Ukishaandika hivyo, huhitaji tena kuthibitisha kwamba bongo za watu hao zinafanana, kwa kuwa sarufi imeshakuthibitishia. Uzito wa ubongo hutegemea kimo cha mtu, afya yake, lishe yake tangu utotoni na namna alivyokufa. Mwandishi Mfaransa Anatole France, aliyetuzwa Nobeli ya fasihi mwaka 1921, alikutwa na ubongo wa gramu 1,017 hivi. Hakuna aliyeandika makala kuhusu “ubongo wa mwenyeji wa Ufaransa”.

Na hapo nimetumia neno linalostahili kuangaliwa. Tunapotafsiri matini za kikoloni, wengi wetu huandika “mwenyeji” palipo na “native”. Tafsiri hiyo inamsafisha mwandishi. Katika Kiswahili mwenyeji ni mwenye mji, anayepokea na kukirimu. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. “Native” wa Vint hakuwa na mji wa kumkaribishia mtu. Alikuwa kitu cha kupimwa mezani. Kwa wanaofundisha historia kwa Kiswahili, rai yangu ni kuliacha neno hilo katika alama za kunukuu na kulieleza, kuliko kulivika joho la heshima lisilokuwa lake.

Mambo hayakuishia 1934. J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alichapisha makala mwaka 1951 akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kutenganisha sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na takwimu za Vint zimo humo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Tazama mwendo wa hoja: kutoka mizani ya maabara, hadi shaka juu ya elimu, hadi kuwageuza watu wanaodai ardhi yao kuwa wagonjwa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili mwenyewe, alimjibu Carothers mwaka 1961 katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina Viumbe Waliolaaniwa.

Simfananishi mgeni wa mkutano wa wazazi na Gordon wala Carothers. Nia yake ni njema, na nia zao tunazijua. Lakini muundo wa hoja ni mmoja. Ukisema akili ni kitu kinachoonekana katika nyama ya ubongo, lazima utapata kundi la watu wasiokuwa nacho. Jana lilikuwa kundi la rangi fulani. Leo ni mtoto wa dawati la nyuma aliyepata alama za chini, ambaye sasa anaamini kwamba kichwani mwake kuna kitu laini kisichoweza kutengenezeka. Mtoto akishaamini hivyo, mbona ajisumbue kusoma?

Tena kuna watoto ambao kweli bongo zao hazikujikunja tumboni. Hali hiyo huitwa lisensefali. Ni nadra, na huandamana na kifafa na kuchelewa sana kukua. Wazazi wa watoto hao wamo miongoni mwetu, wanasafiri nasi matatuni. Wanaposikia “ubongo laini” likitumiwa kama kichekesho, wao hawasikii kichekesho.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kosa hili. Lugha yetu ilitenga mapema nyama na kipaji. Ubongo ni nyama. Akili ni jambo lingine. Akili hupotea, hurudi, humruka mtu, hutumiwa, huchezwa, hupatikana. Twasema mtu “ameshika akili”, wala hatusemi ameshika ubongo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake: methali hii imeiweka akili nje ya fuvu kabisa, ikatwambia kuwa hutofautiana kwa watu bila ya kuwa na mizani moja. Hata pale tunapolitumia neno bongo kwa maana ya akili, tunasifu matumizi, hatusifu kiasi. Chemsha bongo ni fumbo la kukufanya ufikiri, na kinachosifiwa ni moto na mchemko. Watanzania walipouita mji wao Bongo, walimaanisha kwamba pale huishi bila kutumia kichwa. Hawakumaanisha kwamba wakazi wa Dar es Salaam wana vichwa vikubwa.

Kwa hivyo kauli ya “kuongeza mikunjo” ni mgeni katika lugha hii. Imeingia juzi kwa njia ya tafsiri, kutoka kwa vitabu vya kujihimiza na mizaha ya mitandaoni, na tumeipokea bila kuikagua mlangoni.

Nisiishie kulalamika, maana walimu wa sayansi wanahitaji maneno ya kufundishia sehemu hizi, na hapo tumewaachia fujo. Katika maandishi mbalimbali utakutana na mikunjo, makunyanzi, mifereji, mitaro na mabonde, wakati mwingine yote katika ukurasa mmoja. Tuyapime.

Makunyanzi tuyaache. Ni ya uso wa mzee na ya nguo isiyopigwa pasi; yanaashiria uchakavu, ilhali hapa tunazungumzia ukuaji. Mifereji nayo, kwa msomaji wa Kenya, ni tatizo: mtoto wa Matasia ukimwambia “mfereji” atafikiria bomba la maji, tena lililokauka. Mabonde ni makubwa mno.

Mikunjo ni neno zuri kwa hali nzima, mradi tuchunge kitenzi. Ubongo hujikunja, haukunjwi. Ukisema “hukunjwa” umeshaweka mkono wa mtu, na hapo ndipo mwalimu anapodhani kwamba mkono huo ni wake. Kwa sehemu iliyoinuka napendekeza tuta, na kwa ile iliyozama mtaro. Neno la Kilatini wanalotumia madaktari kwa sehemu iliyozama, sulcus, asili yake ni mtaro wa jembe la kulimia, kwa hivyo mkulima anayepanda viazi huko Ngong yuko karibu na Warumi kuliko anavyodhani. Najua wapo watakaocheka wakikumbuka matuta ya barabarani yanayovunja migari yetu. Wacheke tu, hawatalisahau neno. Na lile tabaka la nje, ambalo wengi huliita gamba, ningependa liitwe gome, kwani neno lake la Kilatini, cortex, ni gome la mti, nalo gamba hutukumbusha samaki na kobe.

Matuta haya yana faida zake halisi, na maneno thabiti yatasaidia kuzieleza. Mwaka 1861 Paul Broca wa Paris alimchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, “tan”. Alipokufa, Broca akakuta sehemu iliyoharibika ni tuta la tatu la mbele, upande wa kushoto. Tangu hapo tunajua kwamba sehemu hiyo inahusika na usemi. Madaktari wa upasuaji hadi leo hutumia mtaro wa kati kama alama ya njia: tuta lililo mbele yake huongoza misuli, lililo nyuma yake hupokea hisi za mwili. Matuta ni ramani ya kumwonyesha daktari alipo. Na ramani ya Matasia haikuambii wakazi wake wana akili kiasi gani. Broca mwenyewe hakuridhika na ramani. Alipima mafuvu na bongo ili apange watu wa mbari mbalimbali kwa ngazi, na kazi hiyo sayansi imeitupa huku ikimheshimu kwa ile ya kwanza.

Kwa wahariri wa vitabu vya shule, basi, ombi langu ni dogo. Andikeni kwamba ubongo hujikunja mtoto akiwa tumboni ili gome lake pana litoshe ndani ya fuvu, na kwamba kujifunza huimarisha miunganiko ya seli. Sentensi hizo mbili zinaingia katika mistari minne na hazimwachi mtoto yeyote nje. Kwa wageni wetu wa mikutano ya wazazi, waambieni watoto ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe unatia moyo zaidi: miunganiko hiyo inaendelea kujengwa kwa kila mmoja wao, hata yule wa dawati la nyuma, na hakuna aliyekwisha kufungiwa hesabu.